Manchester Guardian lilikuwa likilishwa na nani?

Swali la msomaji: "Nasoma uandishi wa habari, mwaka wa pili. Mwalimu ametuambia kwamba The Guardian la Uingereza lilianza kama gazeti la mji wa Manchester, kwamba halina mwenyewe, na kwamba lina zaidi ya miaka 200. Sielewi gazeti la mji mmoja lilipata wapi hela ya kuishi muda wote huo, wala kwa nini lilihamia London. Na je, hili letu la Dar es Salaam ni tawi lake?"

Jibu: Nianze na la mwisho maana ni fupi. The Guardian la Dar es Salaam halina udugu na lile la Uingereza. Linatolewa na kampuni ya The Guardian Limited iliyo chini ya IPP, kampuni hiyo hiyo inayotoa Nipashe. Wamefanana majina tu.

Swali la hela ndilo lenye nyama. Wanaosimulia historia ya gazeti hili hupenda kuanza na wahariri wakubwa na tahariri zao kali, halafu hela inatajwa pembeni kama jambo la aibu. Wewe ifuate hela kwanza. Utaona kwamba gazeti hili mara chache sana limeishi kwa kile kilichotoka mfukoni mwa msomaji peke yake. Kila zama lilikuwa na mlezi wake, na mlezi alipobadilika na gazeti lilibadilika.

Mlezi wa kwanza ni pamba. John Edward Taylor, aliyelianzisha, alikuwa mfanyabiashara wa pamba Manchester, Mprotestanti wa dhehebu la Waunitari. Tarehe 16 Agosti 1819 askari wa farasi waliwavamia watu wapatao 60,000 waliokusanyika uwanja wa St Peter's Field kudai haki ya kupiga kura. Watu wasiopungua 15 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Tukio hilo linaitwa Peterloo. Mwandishi wa The Times ya London alikuwa miongoni mwa waliokamatwa, kwa hiyo Taylor na mwenzake Archibald Prentice ndio walioharakisha kupeleka taarifa London kabla serikali haijatoa yake. Miaka miwili baadaye, Jumamosi ya tarehe 5 Mei 1821, Taylor akatoa nakala ya kwanza ya Manchester Guardian, kwa mtaji aliokopeshwa na kundi la wenzake 11, wengi wao matajiri wa pamba na nguo.

Hapa wanafunzi wengi hukosea. Guardian halikuripoti Peterloo, kwa sababu wakati huo halikuwepo. Gazeti lililokuwa mstari wa mbele pale mjini lilikuwa Manchester Observer, la watu wenye msimamo mkali, na lilikufa mwaka huo huo wa 1821 baada ya kuandamwa na kesi. Guardian lilikuwa la matajiri waliotaka mageuzi ya taratibu. Wafanyakazi wa viwandani hawakulihesabu kuwa lao, na walikuwa na sababu.

Sasa piga hesabu ya nakala moja. Bei ilikuwa peni 7. Kumbuka shilingi moja ilikuwa peni 12 na pauni moja shilingi 20. Katika peni 7 hizo, peni 4 zilikuwa ushuru wa stempu wa serikali. Stempu haikubandikwa baada ya kuuza: karatasi ililetwa kiwandani ikiwa tayari imegongwa muhuri, yaani mchapaji alilipa kodi kabla hajaweka hata herufi moja. Toleo la nakala 1,000, ambalo ndilo lililokuwa wastani wa mwanzo, likiuzwa lote lilileta pauni 29, shilingi 3 na peni 4. Serikali ikachukua pauni 16, shilingi 13 na peni 4. Zikabaki pauni 12 na nusu za wiki nzima, na humo humo kuna karatasi (nayo ina kodi yake), wino, mishahara ya wapanga herufi, na fungu la mawakala. Kodi hizi ziliitwa kodi za maarifa na waliozipinga, na lengo lake halikufichwa: habari zibaki mikononi mwa wenye nazo.

Afadhali ipi basi? Matangazo. Lakini hata tangazo lilitozwa shilingi 3 na peni 6 kwa kila moja, liwe la mistari mitatu au thelathini. Hiyo ni sawa na bei ya nakala 6 za gazeti. Bado matangazo yalilipa, ndiyo maana ukurasa wa kwanza wote ulikuwa wa matangazo. Kwenye toleo la kwanza kabisa mtu alitangaza kwamba amepotelewa na mbwa wake mweusi jike wa aina ya Newfoundland. Mshike huyo mbwa, tutamrudia.

Kazi yenyewe ya kuchapa inaeleza mengi kuhusu sura ya gazeti. Kurasa 4 ni karatasi moja kubwa iliyokunjwa mara moja: ukurasa wa 1 na wa 4 nje, wa 2 na wa 3 ndani. Kwa mashine za mkono za enzi hizo wachapaji wawili, mmoja akipaka wino na mwingine akivuta mkono wa mashine, walitoa karatasi 200 hadi 250 kwa saa, upande mmoja tu. Karatasi ililowanishwa kidogo kwanza ili ishike wino. Nakala 1,000 zenye pande mbili ni mivuto 2,000, sawa na saa 8 hadi 10 za kazi mfululizo. Usingeweza kungoja habari ya mwisho ndipo uanze. Kwa hiyo upande wa nje ulichapwa mapema ukiwa na matangazo na mambo yasiyochacha, na upande wa ndani ukabaki hadi dakika za mwisho. Ndiyo sababu ukifungua magazeti ya Kiingereza ya karne ya 19 unakuta habari kubwa zimejificha katikati. Guardian liliendelea na desturi hiyo muda mrefu sana baada ya sababu yake kwisha: habari zilihamia ukurasa wa kwanza tarehe 29 Septemba 1952.

Wafanyakazi walikuwa wachache mno. Jeremiah Garnett alikuwa mchapaji, meneja wa biashara na ripota kwa pamoja. Alikwenda mkutanoni, akaandika kwa hatimkato, akarudi kiwandani, na mara nyingi akapanga herufi za madini ya risasi moja kwa moja kutoka kwenye hatimkato yake bila kuandika rasimu. Jaribu kufikiria: herufi moja moja, kinyumenyume, kutoka kwenye alama ulizozichora ukiwa umesimama kwenye umati. Taylor alipofariki mwaka 1844 Garnett ndiye aliyekuja kuwa mhariri, hadi 1861.

Katika toleo hilo hilo la kwanza kuna jambo ambalo lingewafaa wanaojifunza uandishi wa takwimu. Kulikuwa na jedwali la shule za Manchester na Salford, likionyesha kila shule ina watoto wangapi na inatumia fedha kiasi gani kwa mwaka. Aliyelileta alijitambulisha kwa herufi mbili tu, N.H. Makadirio rasmi yalisema watoto maskini waliokuwa wakisomeshwa bure walikuwa kama 8,000. Jedwali lilionyesha wanakaribia 25,000. Hakuna maneno makali ndani yake, ni safu za namba tu, na ukilisoma leo linasema mengi kuliko tahariri zote za toleo lile.

Nirudi kwenye pamba, maana huko ndiko kuna doa ambalo gazeti lenyewe lilichelewa sana kulitazama. Pamba iliyosokotwa Manchester ililimwa na watumwa, hasa kusini mwa Marekani. Kampuni alizokuwa mbia Taylor ziliingiza pamba hiyo. Mmoja wa waliomkopesha mtaji, Sir George Philips, alikuwa pia mmoja wa wamiliki wa shamba la miwa la watumwa huko Hanover, Jamaika. Wadhamini wa gazeti waliagiza utafiti, na matokeo yalipotolewa Machi 2023 yalionyesha kwamba wasiopungua 9 kati ya wale 11 walihusika na utumwa kwa njia moja au nyingine. Wadhamini wakaomba radhi na kutenga zaidi ya pauni milioni 10 kwa ajili ya vizazi vya watumwa hao, Jamaika na kwa watu wa Gullah Geechee wa pwani ya kusini-mashariki mwa Marekani.

Ukitaka kuona jinsi mlezi anavyoathiri kalamu, soma matoleo ya 1861 hadi 1865. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilikata pamba, viwanda vya Lancashire, eneo lililozunguka Manchester, vikafungwa, watu wakalala njaa. (Kitambaa kile ambacho pwani yetu kilipewa jina la marekani kiliadimika Zanzibar miaka hiyo hiyo kwa sababu hiyo hiyo.) Tarehe 31 Desemba 1862 wafanyakazi wa Manchester, wakiwa na njaa yao, walikutana ukumbi wa Free Trade Hall na kumwandikia Abraham Lincoln kumuunga mkono dhidi ya utumwa, naye akawajibu Januari 1863. Gazeti la mji wao lilikuwa upande mwingine. Lilimpiga vita Lincoln, na hata alipouawa halikuona vema kumsifu. Sioni haja ya kulitafutia udhuru: lilisema kile ambacho wenye viwanda na madalali wa pamba, wasomaji wake na watangazaji wake, walitaka kusikia.

Katikati ya hayo kodi zilikuwa zimeondoka moja baada ya nyingine. Stempu ilishuka hadi peni 1 mwaka 1836, na Guardian likaanza kutoka mara mbili kwa wiki. Ushuru wa matangazo ulifutwa 1853, stempu 1855, kodi ya karatasi 1861. Mwaka 1855 ndio mwaka wa kuukariri, kwa sababu Guardian liligeuka la kila siku kwa peni 2, na miji mingine mikubwa ikapata magazeti yake ya kila siku wakati huo huo, kama Liverpool Daily Post. Miaka miwili baadaye ushindani wa gazeti lingine la Manchester ulilazimisha bei ishuke hadi peni 1. Kisha mwaka 1868 wamiliki wa magazeti ya mikoani waliungana kuunda shirika la habari la Press Association, ili wasitegemee tena kampuni za telegrafu kuwachagulia habari za London. Kuanzia hapo gazeti la Manchester, Leeds au Darlington liliweza kumpa msomaji habari za Bunge asubuhi, kabla magazeti ya London hayajashuka kwenye treni. Miaka 30 hivi ya mwisho wa karne ya 19 ilikuwa neema kwa magazeti ya mikoani.

Neema hiyo ina tarehe ya mwisho. Mwaka 1900 Daily Mail lilianza kuchapwa Manchester sambamba na London. Umbali wa kilomita 300, uliokuwa ngao ya magazeti ya mikoani, ukafutika. Kuanzia hapo gazeti la asubuhi la mkoani lilikuwa na njia mbili: liwe la kwao kabisa, lenye habari ambazo London haiwezi kuzijua, au liwe na kitu ambacho hata mtu wa mbali atakitafuta. Magazeti mengi yalishika njia ya kwanza. Guardian lilishika ya pili, na aliyelisukuma huko ni C. P. Scott.

Scott alikuwa binamu wa Taylor mdogo, mtoto wa mwanzilishi aliyerithi gazeti. Alipewa uhariri mwaka 1872 akiwa na miaka 25, akauacha 1929. Miaka 57. Aliibadilisha sauti ya gazeti kutoka ya wenye viwanda kuwa ya mageuzi ya kweli. Gharama ya kufanya hivyo ilionekana wakati wa Vita ya Makaburu, 1899 hadi 1902. Guardian lilipinga vita, likamtuma mwandishi J. A. Hobson Afrika Kusini, likaandika habari za kambi walikofungiwa wanawake na watoto, ambazo mwanaharakati Mwingereza Emily Hobhouse alizifichua. Wasomaji wakalikimbia na baadhi ya watangazaji wakaondoa matangazo. Kwa nini halikufa? Sababu moja ni ya kawaida kabisa: kurasa zake za biashara. Mfanyabiashara wa Manchester aliyechukia kila neno la tahariri bado alihitaji bei za pamba na taarifa za soko kabla hajakwenda Royal Exchange, soko la pamba la mji huo. Alilinunua huku amenuna.

Ile insha ya Scott ya tarehe 5 Mei 1921, gazeti lilipotimiza miaka 100, bila shaka umeshaisikia darasani: maoni ni huru lakini ukweli ni mtakatifu. Walimu huinukuu nusu. Katika insha hiyo hiyo Scott anasema pia kwamba gazeti ni biashara kama nyingine, na ili liishi lazima lijilipe. Alikuwa anajua anachosema. Taylor mdogo alikufa 1905 na wosia wake haukumwachia Scott gazeti kwa urahisi. Mwaka 1907 ilimbidi alinunue kwa pauni 242,000, fedha nyingi mno wakati huo, na akaingia madeni. Kibaya zaidi, katika mgawanyo huo Manchester Evening News lilikwenda upande wa pili wa familia.

Simama hapo kwenye Evening News, maana hapo ndipo jibu la swali lako lilipo. Gazeti hilo la jioni lilianzishwa 1868 kama karatasi ya kampeni ya uchaguzi, likaangukia mikononi mwa familia ya Guardian. Halikuwa na heshima ya ndugu yake mkubwa, wala halikuitafuta. Lilikuwa na matokeo ya mpira, farasi wa mbio, ajali za mtaani, na kurasa kwa kurasa za matangazo madogo: kazi, vyumba vya kupanga, baiskeli na makochi yaliyotumika. Lilitoka matoleo kadhaa kwa siku, na mtu aliyetoka kazini alilinunua kabla ya kupanda tramu. Lilikuwa na faida. Guardian, lenye waandishi wa nje, wahakiki wa tamthilia na tahariri ndefu, lilikuwa na gharama. Scott alilirudisha nyumbani Evening News mwaka 1924, baada ya miaka 17, na tangu hapo hadi mwisho wa karne gazeti la jioni lilimlisha la asubuhi. Mtu wa Salford aliyelipia tangazo la kuuza kochi ndiye aliyemlipia mwandishi nauli ya kwenda Moscow.

Sasa hilo la kutokuwa na mwenyewe. Scott alifariki tarehe 1 Januari 1932. Mwanawe Edward, aliyekuwa mhariri baada yake, alizama katika ziwa Windermere mwezi Aprili mwaka huo huo. Akabaki mwingine, John, na hisa zote mikononi mwake. Hatari ilikuwa ya kihesabu: naye akifa, kodi ya mirathi ya vifo vilivyofuatana ingekuwa kubwa kiasi kwamba warithi wangelazimika kuuza gazeti ili wailipe. Mwaka 1936 John Scott alifanya jambo ambalo matajiri hawalifanyi: akawakabidhi wadhamini hisa zote, bila kujiachia haki ya gawio. Faida yoyote ilitakiwa irudi kwenye magazeti. Hati iliandikwa upya 1948 kwa sababu za kodi. Mwaka 2008 udhamini huo ukageuzwa kampuni, Scott Trust Limited, kwa kuwa sheria ya Uingereza hairuhusu udhamini wa aina hiyo udumu milele, wakati kampuni haina kikomo cha umri.

Kwa hiyo mwalimu wako akisema halina mwenyewe, sahihisha kidogo: lina mwenyewe, ila mwenyewe huyo haruhusiwi kula faida. Na udhamini haulipi bili. Ulizuia gazeti lisiuzwe. Hela bado ilitoka Evening News.

Kuhama kwake kulikuwa kwa hatua, na kila hatua iliuma. Kufikia miaka ya 1950 wasomaji wengi wa Guardian walikuwa nje ya Manchester, na msimamo wake wa 1956 dhidi ya kuivamia Misri kwa ajili ya mfereji wa Suez ulizidi kulifanya gazeti la taifa zima. Jumatatu ya tarehe 24 Agosti 1959 neno Manchester liliondolewa kwenye jina. Lakini bado lilichapwa Manchester tu. Nakala za London zilikuwa za toleo la mapema, lililofungwa jioni ili liwahi treni, kabla wasahihishaji hawajalipitia vizuri na kabla habari za usiku hazijaingia. Ndiyo maana mtu wa London alipata gazeti lenye makosa mengi ya herufi, na jarida la dhihaka la Private Eye likalibatiza Grauniad. Makosa hayo hayakutokana na uzembe wa watu wa kaskazini kama wanavyodhani wengine. Yalitokana na ratiba ya reli.

Tarehe 11 Septemba 1961 uchapaji ulianza London kwenye mitambo ya kukodi, na mwaka 1964 mhariri Alastair Hetherington akahamishia ofisi yake huko. Gharama za miji miwili nusura ziliue gazeti. Mwaka 1966 mwenyekiti wa kampuni, Laurence Scott, ambaye kwa jina ungemtegemea awe mlinzi wa urithi, alifanya mazungumzo ya kuliunganisha na The Times. Hetherington alikataa, na mwenyekiti wa wadhamini, Richard Scott, akasimama naye. Wafanyakazi walipunguzwa, gharama zikakatwa, na ni faida ya Evening News iliyoziba pengo. Manchester iliendelea kulilipia gazeti lililokuwa limeshaikimbia.

Mlezi aliyefuata ndiye anayenifurahisha kuliko wote. Kundi la kampuni za Guardian lilikuwa limeingiza fedha kwenye Auto Trader, jarida la matangazo ya magari yaliyotumika: picha ndogo, mwaka wa gari, maili lilizotembea, bei, namba ya simu. Intaneti ilipoanza kuua matangazo madogo ya magazeti yote, Auto Trader lilihamia mtandaoni mapema na likastawi. Mwaka 2007 kundi liliuza asilimia 49.9 ya biashara hiyo kwa kampuni ya uwekezaji ya Apax, na mwaka 2014 likaiuzia sehemu iliyobaki kwa pauni milioni 619. Fedha hizo ziliwekwa kwenye mfuko wa uwekezaji, na mapato yake ndiyo yanayobeba hasara za gazeti katika miaka mibaya. Kutoka kwa yule mbwa aliyepotea mwaka 1821 hadi gari la mkono wa pili, ni biashara ile ile.

Na yule mlezi wa zamani? Mwaka 2010 Manchester Evening News, pamoja na magazeti madogo ya mkoa, liliuzwa kwa kampuni ya Trinity Mirror. Bei ilitangazwa kuwa pauni milioni 44.8, lakini fedha taslimu zilikuwa milioni 7.4 tu, zilizobaki zilikuwa thamani ya kujiondoa kwenye mkataba wa uchapaji. Kibiashara uamuzi unaeleweka, kwa sababu matangazo ya jioni yalikuwa yameporomoka. Lakini watu wa Manchester hawajasahau, nami siwezi kuwalaumu.

Siku hizi wanaolilipia wamebadilika tena. Gazeti halijaweka ukuta wa malipo mtandaoni, yaani halikulazimishi ulipe ndipo usome. Linaomba, na zaidi ya watu milioni 1 duniani hulichangia kwa hiari. Sasa fedha za msomaji mwenyewe zina uzito mkubwa kuliko za mtangazaji. Ndugu zake wa mwaka 1855 hawakufika hapo. Liverpool Daily Post, lililokuwa gazeti la kila siku mwaka ule ule na Guardian, liligeuzwa la kila wiki 2012 na kufungwa Desemba 2013. Halikuwa na wadhamini wala Auto Trader.

Ukiandika kazi yako, mambo machache yatakuokolea alama. Kwenye hifadhi za kidijitali tafuta jina Manchester Guardian kwa chochote cha kabla ya tarehe 24 Agosti 1959, na The Guardian tu baada ya hapo. Wengi huandika jina jipya kwa habari ya zamani. Kompyuta husoma vibaya herufi ndogo zilizofifia za karne ya 19, kwa hiyo utafutaji wa neno ukirudi mtupu usikate tamaa: fungua toleo kwa tarehe na usome safu kwa macho. Kwa miaka ya 1821 hadi 1836 hesabu Jumamosi kwanza, kwa sababu jambo lililotokea Jumatatu litakuwa kwenye toleo la siku 5 baadaye. Usiandike kwamba habari fulani "ilipewa ukurasa wa kwanza" kabla ya Septemba 1952. Na ukitaka barua za wahariri na vitabu vya mahesabu, viko Maktaba ya John Rylands ya Chuo Kikuu cha Manchester. Anza na hivyo vya mahesabu.